Diski ya Kasim Haikuuawa na Stima

Mafabi, baba,

Umeenda Nakaloke kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachilia upesi. Atakupikia malewa, yale machipukizi yake ya mianzi, atakuombea, kisha ataanza kulitafuta blanketi alilokuwekea na hatakumbuka aliliweka wapi. Kwa hiyo nina saa chache za kukaa peke yangu hapa kwenye meza yangu ya ufundi barazani. Nimechukua daftari lako la sayansi, zile kurasa za nyuma ulizoziacha tupu. Nimeanza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana. Hii ya nne itabaki ilivyo, hata ikiwa imepinda.

Mambo ya kula na kufua sikuandikii. Nimeyasema mpaka jana ukanijibu, "Mama, mimi ni mwanaume wa miaka kumi na minane," na wakati huo ulikuwa unatafuta shati ulilokuwa umelivaa. Nilicheka. Halafu nikaingia ndani nikakaa kitandani, maana kicheko chenyewe hakikunitoka vizuri.

Unakwenda Jinja kwa Kasim kujifunza kazi ukijua kwamba mama yako ndiye aliyeifufua diski yake. Ni kweli, umeniona kwa macho yako. Usichokijua ni nani aliyeiua. Ni mimi.

Haya, nimeandika. Nimesimama, nimeizunguka meza, nimerudi kukaa. Sasa nikueleze.

Unamkumbuka Kasim alivyokuwa hapa Mbale, kabla hajahama. Mwaka ule wa imbalu, ile tohara yetu, si ule wako, ule uliotangulia wako, wewe ukiwa bado sekondari tu, alizunguka na kamera yake nyumba kumi na moja, kuanzia huko Nakaloke mpaka juu mlimani Wanale. Alipanda na ngoma, akalala na ngoma. Kila kijana aliyepakwa unga akacheza na kengele zake mapajani, Kasim alikuwa mbele yake akitembea kinyumenyume. Harusi picha zikiharibika, watu wanaweza kuvaa tena wakasimama. Imbalu hairudiwi. Kijana aliyesimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, utamwambia asimame tena?

Yote hayo yalikuwa ndani ya diski moja, ile kubwa ya kukaa mezani yenye adapta yake ya ukutani. Alikuwa bado hajayanakili popote. Mdomo wa waya ulikuwa umelegea, inakamata na kuachia, ndipo akaniletea. Akaiweka hapa mbele yangu kwa mikono miwili. "Dada, hii ishike kama yai."

Siku hizo nilikuwa natundika adapta zangu zote kwenye msumari mmoja. Zote nyeusi, zote zinafanana, karatasi za maandishi zimebanduka. Nikakaza ule mdomo vizuri, kazi safi kabisa. Kisha nikataka kuijaribu, nikanyoosha mkono msumarini bila kuangalia. Diski ile inataka volti kumi na mbili. Nilichoshika kilikuwa cha laptopu, volti kumi na tisa. Ncha yake ikaingia sawasawa. Na mimi nilikuwa nikiamini kwamba mdomo ukiingia, chakula ni kilekile.

Ikasema tak. Si kwa nguvu, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Harufu kidogo. Taa ya kijani ya adapta ikazima.

Kasim alikuwa ng'ambo ya barabara anakunywa chai. Nilimwona akipuliza kikombe. Nilichomoa ile adapta, nikairudisha msumarini, nikachukua ile yake mwenyewe nikaiunganisha ili aikute hapo. Na yenyewe taa yake ikawa inazima kila nikiichomeka. Akavuka barabara.

"Vipi, dada?"

"Kasim, hii imekufa. Juzi stima ilipanda. Si ulikuwa umeiacha kwenye ukuta?"

Akafikiri. "Nadhani nilikuwa nimeiacha."

"Basi ndiyo hiyo. Imeungua yote."

Akajipiga kofi la paji la uso. "Mke wangu aliniambia niichomoe. Aliniambia kabisa." Nilimpa nusu ya uongo, Mafabi, nusu nyingine akaijaza mwenyewe.

Ukiniuliza kwa nini, sababu ninazo. Mafundi wa mstari huu walikuwa bado wananiita "yule wa vitunguu", wakisema bodi nikizitengeneza mimi zitanukia jikoni. Ilinichukua miaka mtu kunipa simu yake bila kusimama juu ya kichwa changu. Baba yako alikuwa ameshapotelea Juba na lori lake. Wewe ulikuwa shule. Niliona kwamba neno moja, "nimeiharibu mimi," lingefunga meza. Sababu hizo zote ni za kweli. Hakuna hata moja iliyosababishwa na Kasim.

Nilijaribu kulificha kosa kwa kuitengeneza diski. Kasim hakujua. Nikatafuta diski nyingine ya namna ileile iliyokufa kwa kuanguka, nikatoa bodi yake nikaifunga kwenye ya Kasim. Mota ikazunguka. Nikasema asante Yesu. Halafu ikaanza tik, tik, tik, kama mtu anayebisha nyumba isiyo yake, ikanyamaza. Sikujua kwamba kila bodi ina kumbukumbu ya diski yake, haijui kusoma ya mwenzake. Nikaogopa kuizidishia. Nikarudisha vitu vyake vyote ndani ya kasha, pamoja na ile bodi yake iliyoungua, nikamwambia Kasim imeshindikana. Akasema, "Kaa nayo tu. Nikiiona naumia."

Yaliyompata baadaye uliyasikia, ila uliyasikia kama habari ya bahati mbaya. Sokoni Nakaloke mjomba wa kijana mmoja alimkamata kola mbele ya watu, akamwambia, "Umekula sherehe ya mtoto wetu." Kasim akawa anasema, "Ni stima, mzee wangu, ni stima." Alijitetea kwa uongo wangu. Nilikuwepo, nanunua nyanya. Nililipa nikaondoka. Hakuna aliyemwita tena kupiga video, akahamia Jinja kwa shemeji yake, akafungua kile kiduka cha fotokopi na kutengeneza simu. Na kila Idi ananitumia salamu: "Mama Mafabi, Mbale nzima wewe ndiye peke yako hukunicheka."

Nimeinuka tena. Nimeenda mpaka kona kuangalia kama unakuja. Wanale imefunikwa na wingu, huenda mvua ikakuweka huko kwa bibi. Sijui kama nataka ikuweke au ikulete.

Kuficha sikujifunza mezani. Nilipopata mimba yako nilikuwa na miaka kumi na saba, tuko kwenye nyumba za magereza, babu yako bado Sajini. Miezi mitano nilivaa sweta ndani ya jua la Mbale. Aliyemwambia babu yako alikuwa mke wa jirani, walipokutana bombani. Babu yako aliniita akanitazama, hakunipiga. Akasema, "Ungeniambia wewe, ningekasirika juma moja." Mwaka mzima hakusema nami, chakula napeleka, anasema asante kwa ukuta. Wewe ndiye uliyemfungua mdomo, ulipomkojolea yunifomu siku ya gwaride. Usije ukadhani kosa lilikuwa wewe. Wewe hukuwa kosa hata dakika moja. Kosa lilikuwa sweta. Na bado sikujifunza, nikaja nikaivalisha sweta diski ya mtu.

Sasa Afande Opio. Unamjua kama mzee wa kahawa na hadithi, lakini alikuwa fundi wa redio wa magereza tangu babu yako yuko kazini. Kasim alipokubali kukuchukua, nilishindwa kukaa. Nikalitoa lile kasha juu ya kabati nikamwonyesha Afande. Nikamwambia tu kwamba ilipewa volti nyingi. Hakuuliza ilipewa na nani. Alinitazama, akavaa miwani.

"Binti Sajini, wewe naanzia katikati. Stima inaingia wapi? Anza getini."

Tukaiweka mita kwenye ile alama ya kupiga mlio. Waya mmoja kwenye njia ya volti kumi na mbili, mwingine kwenye ardhi ya bodi. Ikalia piiii, bila kukatika.

"Unasikia? Hii njia imelala kwa ardhi. Sasa nani amelala hapo?" Akaonyesha kwa ukucha kitu cheusi, ukubwa wa punje ya mchele, karibu kabisa na pale stima inapoingia. Ni dayodi ya ulinzi. "Hii ni askari ya geti. Iko na kazi moja tu. Stima ikikuja mingi, yeye anajitupa kwa mlango, anakufa hapohapo, hakuna kitu inapita. Watu ya ndani wanapona. Wewe miaka yote nalia msiba ya nyumba mzima, kumbe amekufa askari moja."

Nikaiinamia ile punje.

"Toa maiti," akasema. "Lakini ukitoa, geti iko wazi. Ukikosea volti mara nyingine, hakuna mtu atakufa kwa ajili yako."

Kazi ya robo saa, Mafabi. Pasi ya solda, kibano, basi. Kwa miaka ile yote ilikuwa kazi ya robo saa. Na fundi yeyote ambaye ningemwendea, wa hapa au wa Kampala, swali lake la kwanza lingekuwa, "Ilipewa nini?" Jibu lake ndilo nililokuwa nimelificha. Nilidhani namficha mkosaji, kumbe nilikuwa naficha ugonjwa. Hata Kasim mwenyewe hakuipeleka popote, kwa sababu nilimwambia imeungua yote.

Ulikuwepo nilipoitoa, ulinishikia tochi. Nilipogusa tena kwa mita haikulia. Tukafunga bodi yake ya asili, nikasoma maandishi ya adapta mara mbili kwa sauti mpaka ukanicheka, tukawasha. Ikazunguka, ikatulia, majina ya faili yakaanza kupanda kwenye kioo. Ukafungua moja: kijana amesimama, uso mweupe kwa unga, na nyuma yake shangazi zake wamesahau kufunga midomo. Tukazihamisha zote, hatukuacha hata moja.

Halafu ukafanya jambo la furaha, bila kuniuliza. Ukampigia. "Mjomba Kasim, mama ameifufua!" Uliiweka simu kwenye spika tusikie wote. Nikasikia anavuta pua. Akasema, "Mwambie dada yangu nitamchinjia mbuzi, si kuku." Na wewe ukanitazama kwa namna ambayo hujawahi kunitazama tangu uanze kuota ndevu. Nikainywa sifa ile, baba, na ilikuwa tamu. Kama ningenyamaza tu ningebaki nayo mpaka kaburini. Hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo limeninyima usingizi wiki nzima.

Tena kuna la Jumanne. Yule mwalimu aliyeleta redio yake. Nilikuwa nyuma yako, nilikuona ukigeuza waya mwekundu na mweusi. Nilisikia moshi kabla yako. Aliporudi ukamwambia, "Mwalimu, ni stima. Siku hizi stima imekuwa mbaya sana." Ukatikisa kichwa kidogo kwa huruma. Kile kichwa kilivyotikisika! Hukuyaokota hayo barabarani. Sauti ile ni yangu, na huruma ile ni yangu. Sikukwambia kitu, kwa sababu ningekwambia nini?

Nimekatizwa, nimerudi. Alikuwa Mama Brayo, yule Mkenya wa mitumba, amefuata simu yake. Asubuhi nilipokuwa naifungua mkono uliteleza nikakata kile kiwaya chembamba cha spika. Nikaona nijaribu kwake, kwa kitu kidogo.

"Mama Brayo, simu haijawa tayari. Nimekata waya wa spika mimi mwenyewe. Nitakuwekea mwingine."

Akanikazia macho. "Unaniambia ili iweje?"

"Ili ujue."

"Uko mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi umeokoka. Kanisa gani?"

"Sijaokoka kupita nilivyokuwa, Mama Brayo. Nimekata waya tu."

Nikaona hesabu inapita usoni mwake. "Ngoja. Na ile pasi yangu uliyosema ni stima?"

Nikainamia simu yake. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Haki ya Mungu, pasi yangu! Na mimi nikaenda nikamgombeza mwenye nyumba wangu!" Ameniachia simu. Sijui kama ni kwa kuniamini au ni kwa sababu bila spika haimfai. Lakini meza haijafungwa. Nimekaa naitazama, bado iko.

Nataka ujue pia kwamba nina matumaini makubwa juu yako, nisije nikaonekana nimekuandikia msiba. Mikono yako imetulia kuliko yangu. Kasim anajua mambo ya kompyuta ambayo mimi nayasikia tu, na ana subira ya mtu aliyezoea kungoja watu wacheze ngoma siku tatu. Ukikaa naye miaka miwili utanipita mpaka nitakuwa nakuletea kazi zilizonishinda. Nimeshaiota siku hiyo. Nimeiota mpaka nguo utakayokuwa umevaa. Ndiyo maana sitaki uingie nyumbani mwake umebeba kitu usichokijua.

Mchana nilimpigia. Nilitaka nimalize kwa simu, niseme ukweli, anitukane, nikate. Aliposikia sauti yangu tu akaanza, "Dada yangu, malkia wa mafundi, watu wa Nakaloke nimeshawatumia habari, kuna mama mmoja amelia..." Nikasema naomba radhi, kuna mteja. Hapakuwa na mteja. Uongo mwingine, na jua bado liko juu. Nikajua kwamba kwa simu sitaweza, simu ina kitufe cha kukatia.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Jirani ataiangalia meza. Kesho asubuhi tunapanda basi wote wawili. Diski na nakala yake nimezifunga kwenye gauni langu la zamani la gomesi, nitazishika mwenyewe mapajani. Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, ili uisome kabla hatujaondoka, kwa sababu nikikuambia uso kwa uso kabla sijamwambia yeye, nitalia, na wewe utaanza kunibembeleza, na mimi nitakubali kubembelezwa. Nisingependa iwe hivyo.

Ukiona aibu kukaa nami, kaa kiti cha mbele. Sitauliza. Ukitaka kunikasirikia juma moja au zaidi, ni haki yako, hata Sajini alihesabu juma. Na ya mwalimu na redio yake, ukiamua kumpigia kabla ya basi kuondoka, namba yake iko kwenye simu yangu. Mimi sitampigia. Si yangu.

Sijui Kasim atasema nini. Nimejaribu kumsemea kichwani tangu asubuhi, mara ananisamehe, mara ananifukuza na mbuzi wake. Anaweza kuniambia nisikanyage tena kwake na wewe akubakishe. Anaweza kukataa sote wawili, na hapo nitakuwa nimekuvunjia mlango niliokutafutia mwenyewe. Nimelipima hilo, nimelipima tena, na bado tunakwenda.

Tukifika dukani kwake, nitaingia mimi kwanza. Wewe subiri nje, begi liwe begani, usilishushe. Akikuita yeye, ingia. Nikikuita mimi, tutarudi pamoja nyumbani.

Mama yako